Kuwaona Kraftwerk jukwaani: maswali ninayoulizwa kila mara

Kila Kraftwerk wakitangaza ziara mpya, simu yangu hujaa ujumbe wa ndugu na marafiki, walioko nyumbani na walioko huku Ulaya. Wengi wanauliza mambo yaleyale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Nimeishi Ujerumani miaka mingi, nimewaona kwa macho yangu, na napenda kila anayeweza kwenda aende.

Kraftwerk ni akina nani hasa?

Ni kundi la muziki kutoka Düsseldorf, mji wa Ujerumani ulio kando ya mto Rhein. Lilianzishwa mwaka 1970 na vijana wawili, Ralf Hütter na Florian Schneider, waliokutana wakisomea muziki mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwanzoni Florian alipuliza filimbi na Ralf alipiga kinanda. Kidogo kidogo mashine zikachukua nafasi: sintesaiza, yaani kinanda kinachounda sauti kwa umeme, vokoda inayofanya sauti ya mtu isikike kama inatoka ndani ya chuma, na ngoma za umeme walizojiundia wenyewe, vibao bapa vinavyogongwa kwa vijiti vya chuma.

Mwaka 1974 walitoa albamu ya Autobahn. Wimbo wenye jina hilo una dakika zaidi ya 22 na umejaza upande mzima wa sahani ya santuri. Unasimulia safari ya gari kwenye barabara kuu, basi, hakuna zaidi. Mlango wa gari unafungwa, injini inawaka, honi inalia, halafu safari inaanza. Kipande kilichofupishwa kikapigwa kwenye redio za Marekani na Uingereza, na kundi la vijana wanne waliovaa suti na tai likawa gumzo. Wengine wawili walikuwa Wolfgang Flür na Karl Bartos, wapiga ngoma za umeme. Zikafuata Radio-Activity mwaka 1975, Trans-Europe Express mwaka 1977, The Man-Machine mwaka 1978 na Computer World mwaka 1981. Albamu tano ndani ya miaka saba. Ukizisikiliza leo huenda usishangae, kwa sababu sauti zake sasa zimejaa kila redio. Wakati ule hazikuwepo popote.

Jina lina maana gani?

Kituo cha kuzalisha umeme. Tamka "kraft-verk".

Mimi ni mtu wa Bongo Fleva. Muziki wa Wajerumani hawa unanihusu nini?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Mwaka 1985 nilikuwa na miaka 12, na siku za likizo tulikuwa tunakwenda disko toto Dar es Salaam. Wakubwa wetu walikunjua katoni chini na kucheza brekidansi, na wimbo mmoja ukipigwa ukumbi mzima ulikuwa unasimama kuwapisha. Wimbo huo uliitwa Planet Rock. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshahamia Ujerumani, niliisikia Trans-Europe Express kwa mara ya kwanza ndani ya gari la rafiki yangu. Nikamwambia asimamishe. Ile sauti ya juu iliyokuwa inatupandisha mori pale disko toto ilikuwa imetoka hapa.

Na kweli ndivyo ilivyo. Planet Rock, uliotolewa mwaka 1982 na Afrika Bambaataa na Soulsonic Force wa New York, ulichukua melodia ya Trans-Europe Express na mdundo wa wimbo mwingine wa Kraftwerk uitwao Numbers. Humo ndimo tawi zima la hip hop lilipochipukia. Vijana weusi wa Detroit, akina Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, walizisikiliza santuri hizohizo wakaanzisha muziki wa tekno. Hip hop ikaja kwetu, wenzetu wakaanza kurap kwa Kiswahili, na mengine unayajua. Nikikuambia kuwa mzizi mmoja wa Bongo Fleva umepita Düsseldorf, sijaongeza chumvi.

Wa zamani kabaki mmoja tu. Hilo bado ni Kraftwerk?

Naulizwa hili hata na Wajerumani, tena kwa ukali. Flür aliondoka katika miaka ya 1980, Bartos mwaka 1990. Kuondoka kwa Florian kulitangazwa Januari 2009, na Aprili 2020 akafariki dunia kwa saratani, akiwa na miaka 73. Kabaki Ralf Hütter, aliyezaliwa mwaka 1946. Walio naye sasa ni Henning Schmitz, ambaye amekuwa jukwaani tangu miaka ya 1990, Falk Grieffenhagen, na Georg Bongartz.

Jibu langu nimelichukua nyumbani. Msondo Ngoma ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, ikawa Juwata, ikawa OTTU, na waimbaji wake wakubwa wametangulia mmoja baada ya mwingine. Ikhwani Safaa ya Unguja ipo tangu 1905. Hakuna anayekwenda kuisikiliza Ikhwani Safaa akauliza mpiga fidla wa kwanza yuko wapi. Anauliza kama muziki ni wa kikundi kile, kama unapigwa kwa heshima yake, na kama aliyekabidhiwa anaujua. Kraftwerk wenyewe walitaka hivyo tangu zamani: walijiita wafanyakazi wa muziki, wakaunda roboti zenye sura zao ili zisimame mahali pao.

Lakini pengo la Florian lipo, na sitalifunika. Yeye ndiye aliyehangaika zaidi na sauti za mashine zinazosema na kuimba, hadi akasajili hataza ya mfumo wa kuzalisha uimbaji papo hapo. Ukitazama video za zamani utamwona upande wa kulia, mara nyingi ana tabasamu la mtu anayejua jambo ambalo hatatuambia. Tabasamu lile halipo tena. Kazi yake ipo katika kila wimbo utakaousikia usiku ule.

Wanapiga kweli, au wanabonyeza tu?

Watu wanne wamesimama kwa mstari, kila mmoja nyuma ya meza nyembamba yenye taa pembeni, hawarukiruki, mikono yao huioni vizuri. Naelewa kwa nini mtu anashuku.

Yule wa kushoto kabisa unapoangalia jukwaa ni Ralf. Anaimba mwenyewe, moja kwa moja, kwa sauti yake ya kawaida na kupitia vokoda, huku mkono ukipiga melodia kwenye kinanda. Sikiliza sana kwenye Autobahn na Neon Lights: sauti ile imezeeka, ina mtetemo mdogo ambao santuri haina. Mimi hapo ndipo nilipoguswa. Henning anashughulika na besi na sauti nyingine, anazikaza na kuzilegeza. Picha nazo zinaendeshwa zilingane na mdundo. Midundo mingi imeshapangwa ndani ya kompyuta na inajiendesha, jambo ambalo halijawahi kuwa siri. Muziki wao tangu mwanzo ulihusu mtu na mashine wanaofanya kazi pamoja, basi ukiwaona wamesimama wima wakisimamia mtambo, umeuona muziki wenyewe.

Zamani mzigo ulikuwa mkubwa mno. Katika ziara ya 1981 walibeba studio yao yote, Kling Klang, wakaipanga jukwaani kama herufi V, makabati ya vyombo na nyaya kila mahali. Walipofika kwenye wimbo wa Pocket Calculator walishika vifaa vidogo vya mkononi, wakasogea mbele, wakawaachia watu wa mstari wa kwanza wabonyeze vitufe. Natamani sana ningekuwepo. Kuanzia mwaka 2002 kompyuta mpakato zikachukua kazi ya makabati yale.

Miwani wanayogawa mlangoni ni ya nini?

Ni miwani ya karatasi ya kuonea picha za 3D. Nyuma ya wanamuziki kuna skrini kubwa ya upana wa jukwaa, na picha zinatoka humo zinakujia: namba za kijani, noti za muziki, treni, gari la Volkswagen la zamani linalopita milimani. Ivae. Kuna watu huivua baada ya nyimbo mbili kwa kuona haya, wanakosa nusu ya kazi. Ukivaa miwani ya macho, ile ya karatasi inakaa juu yake bila shida. Si kila onyesho lina 3D. Maonyesho mengine ni ya skrini ya kawaida, kwa hiyo soma tangazo kabla ya kununua.

Watapiga nyimbo gani?

Orodha hubadilika, lakini nguzo hazibadiliki sana: Numbers na Computer World, The Man-Machine, Spacelab, The Model, Neon Lights, Autobahn, Radioactivity, Tour de France, Trans-Europe Express, The Robots, na mwishoni Musique Non Stop. Onyesho lote huchukua kama saa mbili.

Kuna mbili za kuzisubiri. Ya kwanza ni Spacelab. Chombo cha angani kinaelea juu ya dunia, ramani inasogea, na kinatua kwenye mji uleule ulioko, wakati mwingine mbele ya jengo hilohilo. Watu hushangilia kama timu yao imefunga bao. Julai 2018 huko Stuttgart jambo likawa kubwa zaidi: mwanaanga Mjerumani Alexander Gerst alionekana kwenye skrini akiwa kwenye kituo cha kimataifa cha anga, akawasalimia watu, akapiga melodia ya Spacelab pamoja na Ralf, mmoja duniani, mwingine juu.

Ya pili ni Radioactivity. Ulipotoka mwaka 1975 ulikuwa mpole, ukicheza na maneno mawili, mionzi ya nyuklia na mawimbi ya redio. Baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Chernobyl mwaka 1986 wimbo huo haungeweza kubaki vile. Katika albamu ya The Mix ya 1991 wakauongezea neno la kukataa, na majina manne ya mahali palipoguswa na madhara ya nyuklia: Chernobyl, Harrisburg, Sellafield, Hiroshima. Juni 1992 waliupiga Manchester katika onyesho la shirika la mazingira la Greenpeace la kupinga mtambo wa Sellafield. Kisha ikaja ajali ya nyuklia ya Fukushima, Japani, mwaka 2011. Julai 2012 walikwenda Japani kwenye tamasha la kupinga nyuklia lililoandaliwa na mwanamuziki Ryuichi Sakamoto, wakauimba kwa maneno ya Kijapani, Fukushima ikiwa ndani yake. Ukisikia mlio wa kipima mionzi unaanza kutikatika ukumbini na besi inashuka, simama utulie. Wimbo huu umeongezwa majina kila ubinadamu ulipopata msiba mpya wa aina hiyo, na aliyeutunga bado yupo pale anauimba.

Wanaongea na watu?

Karibu hapana. Hakuna "mko vizuri?" wala hadithi kati ya nyimbo. Usidhani ni dharau.

Nitacheza au nitakaa?

Inategemea ukumbi. Kwenye kumbi za viti watu hukaa kimya nyimbo za mwanzo, halafu Tour de France ikianza mabega yanaanza. Kwenye uwanja wa wazi utacheza tangu dakika ya kwanza. Mimi napendekeza ukumbi wa ndani kwa mara ya kwanza, kwa sababu ya sauti. Besi yao inapangwa kwa uangalifu ambao sijausikia kwa kundi jingine. Unaisikia kifuani lakini maneno hayazami.

Tiketi zinapatikanaje?

Kwa haraka, kabla hazijaisha. Aprili 2012 walipiga usiku nane mfululizo ndani ya jumba la makumbusho la MoMA huko New York, albamu moja kila usiku, na walionunua walikuwa wachache kulinganisha na waliotaka. Februari 2013 ikawa vivyo hivyo Tate Modern, London. Tangu hapo wamepiga Sydney, Paris, Berlin, Bilbao na kwingine, mara nyingi kwenye majumba ya sanaa yasiyo na nafasi kubwa.

Jiandikishe mapema kwenye tovuti rasmi ya kundi na ya ukumbi, uwe umeshafungua akaunti na kadi yako iko tayari siku ya mauzo. Usinunue kwa mlanguzi. Ndugu yangu mmoja alilipa karibu mara tatu kwa tiketi ambayo mlangoni ilikataliwa, akarudi na treni ya usiku bila kusikia hata wimbo mmoja. Anayetoka nje kwa visa anunue tiketi kwanza kisha aambatanishe kwenye maombi, lakini ahesabu wiki zake vizuri, maana onyesho halimsubiri mtu wa ubalozi.

Tiketi imeandikwa 20:00. Nifike saa ngapi?

Hiyo ni saa mbili usiku kwa saa yetu, na wanaanza kweli karibu na muda huo. Fika saa moja na robo. Ukichelewa umeikosa Numbers, na Numbers ndiyo mlango wa nyumba nzima: namba zinahesabiwa kwa lugha kadhaa, zinapishana, na kabla hujajua umeshaingia ndani.

Naweza kwenda na mtoto? Na mzazi?

Mtoto wa miaka minane tisa hufurahia sana roboti na chombo cha angani. Mvalishe vikinga masikio, vile vikubwa vya kufunika sikio lote, si pamba. Mzazi mnunulie tiketi ya kiti hata kama anasema anaweza kusimama. Na kama kuna mtu kwenye familia mwenye kifafa, kumbuka skrini ina mwanga unaopepesa. Uliza kwa daktari kabla.

Nipige video?

Picha za 3D kwenye simu hutoka mbilimbili, zimevurugika, hazifai hata kumtumia mtu. Piga picha moja ya kumbukumbu, weka simu mfukoni.

Siwezi kusafiri. Nianzie wapi?

Ukitaka onyesho lenyewe, Minimum-Maximum ya 2005 ina rekodi za ziara ya dunia ya 2004, Florian akiwemo, na unasikia watu wa miji mbalimbali wakishangilia. 3-D The Catalogue ya 2017 ndiyo ya zama za miwani. Ilipata tuzo ya Grammy mwaka 2018. Ukitaka albamu ya studio, wengine watakuambia Autobahn. Mimi nasema Computer World. Imetoka mwaka 1981, inazungumzia kompyuta za nyumbani, benki, polisi na takwimu za watu, na mtu mpweke usiku anayetafuta mwenzi kupitia mashine. Isikilize ukiwa na simu mkononi.

Nikifika Düsseldorf naweza kuitembelea studio yao?

Hakuna cha kutembelea. Kling Klang ya zamani ilikuwa mtaa wa Mintropstraße, hatua chache kutoka stesheni kuu ya treni, na mwaka 2009 ilihamishiwa Meerbusch nje ya mji. Nilisimama pale mtaani siku moja. Ni jengo la kawaida kati ya majengo ya kawaida. Treni zinasikika, na hilo lilinitosha.

Wewe uliwaona wapi, na nini umekikumbuka zaidi?

Düsseldorf, tarehe 1 Julai 2017. Siku hiyo mashindano ya baiskeli ya Tour de France yalianzia pale mjini, mbio za mmoja mmoja za kilomita 14, na mvua ilinyesha mchana. Barabara iliteleza, Alejandro Valverde akaanguka na kuumia vibaya, Geraint Thomas akashinda. Jioni Kraftwerk wakapiga kwenye uwanja wa Ehrenhof, karibu na mto.

Ralf ni mwendesha baiskeli wa miaka mingi. Wimbo wa Tour de France ulitoka mwaka 1983, ndani yake mna mlio wa mnyororo na pumzi ya mtu anayepanda mlima. Sasa mashindano yenyewe yalikuwa yamekuja hadi mjini kwake, na mchana ule waendeshaji wakubwa wa dunia walikuwa wamepita mitaa anayoifahamu. Ile pumzi ilipoanza kusikika kwenye spika, uwanja mzima uliachia sauti. Kando yangu palikuwa na mzee wa Kijerumani mwenye kofia ya baiskeli, hatukuwa tumesemezana hata neno. Akanishika bega. Mimi nilikuwa nawaza katoni zilizokunjuliwa chini kule Dar, na wakubwa wetu ambao baadhi yao hawapo tena.

Mwishoni, kwenye Musique Non Stop, wanaondoka mmoja mmoja. Kila mtu anapiga sehemu yake peke yake, anasogea ukingoni mwa jukwaa, anainama, anatoka, na muziki unazidi kupungua. Akabaki Ralf. Akapiga, akasogea, akainama, akatuaga kwa maneno machache ya usiku mwema, akaenda. Meza nne zikabaki na taa zake, na mashine bado zinapiga.

Miwani inarudishwa?

Hapana, unaondoka nayo. Yangu ya Düsseldorf bado ninayo, pembe moja imekunjamana kwa unyevu wa siku ile.